Mkaguzi Hakuyaona Macho ya Mama

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, endelea na shughuli zako, tutasikilizana hivyo hivyo. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka themanini na mmoja. Hakuwahi kuajiriwa. Kazi yake ilikuwa nyumba, jiko na watoto wawili. Habari zake ameniletea mwanawe hapa studio, akaniomba nisimfichie aibu yake. Basi simfichii.

Mwanawe huyo mtaani wanamwita Mkaguzi. Alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kutafuta makosa. Kitambaa kinapita mbele yake juu ya meza yenye taa, akiona uzi umekatika au doa la mafuta, anaweka alama ya chaki. Wenzake walimtania kwamba unyoya ukianguka chumba cha pili, yeye ameshauona.

Kisha akastaafu. Mkewe alikwishafariki, watoto wanajitegemea, akarudi kuishi na mama yake.

Mstaafu jamani, wiki ya kwanza ni mgeni, wiki ya tatu ni mzigo. Alfajiri Mkaguzi ameshanyoa ndevu, amevaa shati la kazini, amekaa sebuleni na hana pa kwenda. Akamtazama mama akifagia. Akaona vumbi limebaki nyuma ya mlango. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, na chaki ilikuwemo.

Akaweka alama. Ndiyo, nyumbani kwa mama yake mzazi. Duara sakafuni penye vumbi. Mstari kwenye sufuria yenye ukoko. Hakusema neno, maana kiwandani alama inatosha, mwenye kosa akiiona anarekebisha. Mama hakurekebisha. Siku ya tatu duara liko pale pale, fagio halijafika. Mkaguzi akaona hicho ni kiburi, akachora la pili pembeni.

"Mama, mbona unanidharau?" alimwuliza siku moja. "Nakuonyesha kosa, unalipita."

Mama akacheka. "Kosa gani tena, mwanangu? Njoo ule, chakula kinapoa."

Hali iliendelea hivyo miezi miwili. Nasema tena, miezi miwili.

Dada yake mkubwa alipokuja kuwatembelea, akazikuta zile alama za chaki kila kona. Akamvuta nduguye uani.

"Mdogo wangu, haya machoro ni ya nini?"

"Namkumbusha. Siku hizi mama amekuwa mvivu."

"Mama haoni. Jicho la kulia limekwisha kabisa, la kushoto linaona mwanga tu. Presha ya macho. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi. Mwaka wa pili huu, na alinikataza nisikwambie. Lakini wewe unalala humu, unakula chakula cha mkono wake. Hukuona?"

Nyani haoni nini, wasikilizaji? Malizieni wenyewe.

Mama alikuwa anafagia kwa kuhesabu hatua. Alikuwa anapika kwa kusikiliza mfuniko. Na mkaguzi wa miaka thelathini na minne alikaa naye chumba kimoja akamwita mvivu.

Alasiri ile mama akiwa amejilaza, Mkaguzi alichukua kitambaa kibichi akazifuta alama zote. Jioni akamwuliza kwa nini alificha.

"Ungenikalisha," mama akasema. "Wewe umekalishwa, nakusikia unavyozunguka humu ndani kama umepotelewa na kitu. Mimi je, ningezungukia wapi?"

Mkaguzi hakumkalisha. Alimwomba amfundishe kazi. Mama akamfundisha kwamba sahani haikaguliwi kwa macho, unapitisha kidole gumba, kikiteleza, rudia. Walikaa pamoja kuchagua maharage, yeye kwa macho, mama kwa vidole. Bakuli la Mkaguzi likakutwa na mawe mawili. La mama halikuwa na hata moja. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi.

Wiki ya pili mgongo ulimkataa. "Mama," akauliza, "wewe huwa unamaliza saa ngapi?"

"Kumaliza? Ukimaliza sahani, watu wana njaa tena."

Waliishi hivyo miezi kumi na mmoja. Siku ya Jumanne asubuhi, mama alifariki akiwa amekaa kwenye kigoda chake jikoni, sinia la maharage mapajani.

Msibani majirani walimpa Mkaguzi mkono mmoja mmoja. Walisema, "Umemtunza mama. Wewe ni mfano wa kuigwa." Kila sifa ilimchoma. Kwa sababu katika miezi yote kumi na mmoja hakumwambia mama habari za chaki. Kila siku alisema kesho. Mama amezikwa hajaombwa radhi.

Kwa Mkaguzi, dada yake, wajukuu na majirani wote, poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu, na safari hii apumzike kweli. Nawe unayenisikiliza, kama leo umeiona sahani ina mafuta, usiseme kitu kwanza. Kaa na aliyeiosha, mtazame machoni, muulize hali yake. Na kama una radhi ya kuomba, iombe leo.

Nilimwuliza Mkaguzi, kinachomuuma zaidi ni kule kuchora? Akatikisa kichwa. Akasema, "Nilipokuwa nafuta zile alama, nilishukuru kwamba mama yangu haoni."