Jiwe la Kusagia Linalobaki Mugunga

Bwana Shefu wa mtaa, Padri Paroko, wazazi wenzangu wa Mugunga, ndugu wageni mliokuja kumuaga mjukuu wangu Uwingabire: nawasalimu kwa heshima.

Kesho anakwenda Ulaya, kufanya kazi katika maabara iliyochimbwa chini ya mlima. Huko wataalamu wanasubiri chembe ndogo mno, ambazo labda hupita miilini mwetu bila kutugusa, na chombo cha kuzinasa lazima kiwe kimya kabisa, kisipigwe na mionzi mingine yoyote. Adui wa kimya hicho ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka polepole katika mawe, udongo, hata mpira wa kuzibia. Kazi ya Uwingabire ni kupima kila kitu kabla hakijaingizwa. Sisi tunaojua mazuku, gesi ya mabondeni inayoua mbuzi bila kuonekana, tutamshangaa?

Tulipokimbia Rutshuru, mke wangu Mukamurenzi alibeba mtoto mgongoni na jiwe dogo la kusagia mkononi. Nyumba ya kule haipo tena, jiwe lipo. Zawadi gani nyingine tungempa msafiri?

Alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akalipeleka maabara ya chuo chake, akalifungia ndani ya chombo cha chuma, gesi ijikusanye. Lakini kwanza alipima chombo kikiwa kitupu.

"Nisisingizie jiwe makosa ya chombo, Muzee."

Ndugu zangu, wangapi wametuhukumu sisi tuliohamishwa bila kupima kwanza chombo chao?

Jiwe lilikutwa na radoni. Mukamurenzi akawaka:

"Hiyo jiwe imetusagia mutama miaka yote, leo inakuwa muchafu?"

"Hapana, Mama. Haikuumizi hata kidogo. Lakini kule, vumbi yake kwa nguo yangu itaharibu kazi ya batu wengi."

"Basi iache kwa nyumba yako!"

"Na nguo yangu inalala wapi, Mama?"

Mimi sikucheka. Nilidhani anatukataa. Jana akalirudisha, akaliweka mwenyewe penye mafiga.

"Muilinde, Muzee. Nitarudi kuikamata, tuipeleke kwetu Rutshuru."

Sisi tuliondoka na kila tulichoweza kubeba, maana hakuna aliyetuahidi kurudi. Huyu ni wa kwanza nyumbani kwetu kuondoka akiacha kitu kwa kupenda kwake.

Nenda, mwanangu, ukapime kwa haki. Jiwe halitakaa bure. Uji mliokunywa mlipoingia, wageni wetu, unga wake umesagwa nalo leo asubuhi. Msiogope, limepimwa.

Kwa masikio mliyoniazima, asanteni sana.