Nafasi ya Tisa: Wasifu wa Mwalimu Lillian Kaliza, 1973–2025

Mwalimu Lillian Kaliza alizaliwa tarehe 14 Machi 1973 wilayani Karagwe, mkoani Kagera, Tanzania. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Nkusi na Mama Nyiramana, ambao walivuka mpaka kutoka Rwanda wakiwa vijana na kuishi ukimbizini zaidi ya miaka thelathini. Mimi ninayesoma ni Bertrand, mdogo wake. Nyumbani tuliongea Kinyarwanda na baba, na Kiswahili na kila mtu mwingine. Marehemu aliomba wasifu wake usomwe kwa Kiswahili, na akaagiza kwamba msomaji akikosea ngeli asahihishwe hapo hapo, hata kama ni makaburini.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwetu. Mwaka 1986 alimaliza darasa la saba akiwa wa kwanza, na mwalimu mkuu alikuja nyumbani kumpongeza baba. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipotoka, jina lake halikuwemo. Aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyekwenda. Hatukujua nani aliyebadilisha, wala baba hakuthubutu kuuliza, kwa kuwa mkimbizi haulizi sana. Dada alirudia darasa mwaka mzima, akakaa na watoto waliomzidi ufupi, akafaulu tena, na safari ile akachaguliwa. Baadaye alisomea ualimu huko huko Tanzania. Habari ya mwaka ule hakupenda kuizungumzia. Mama akiianza, yeye aliondoka kwenda kuteka maji.

Mwaka 1995 familia ilirudi Rwanda na kupata nyumba Kabeza. Alianza kufundisha shule ya msingi mwaka huo huo, na katika wiki ya kwanza aliacha kuwauliza watoto majina ya wazazi wao, maana wengi hawakuwa nao tena. Mwaka 2009 alihamia shule ya sekondari, Collège Rugori, Kinyinya, akifundisha Kiswahili, na mwaka 2014 akawa mkuu wa masomo. Wanafunzi wake waliopo hapa wanamkumbuka kwa ukali, lakini wanakumbuka pia jinsi alivyoshughulika na r na l zetu. Mmoja alichelewa kipindi cha mchana akajitetea, "Madamu, nilienda kura." Dada akamtazama bila kucheka, akamuuliza, "Na nani kashinda?" Darasa zima lilianguka kwa kicheko, na kijana yule hakukosea tena neno hilo.

Alifunga ndoa na Bwana Rwema, mpima ardhi, tarehe 5 Agosti 2000. Mungu aliwajalia watoto wawili, Shallon aliyezaliwa 2001 na Régis aliyezaliwa 2006. Ilikuwa nyumba ya watu wanaoongea kwa sauti ya chini. Shemeji Rwema alikuwa akisema kwamba katika nyumba yake mwenye kauli ya mwisho ni kamusi.

Sasa nitasema jambo ambalo wengi mmelisikia nusunusu. Shallon mwenyewe ameniruhusu nilisome.

Collège Rugori ilikuwa na utaratibu wake wa kutoa alama za kuhitimu. Nusu ya alama ya mwanafunzi ilitoka kwenye karatasi aliyoifanya mwenyewe katika mtihani wa mwisho. Nusu nyingine ilitokana na kazi za mwaka mzima, lakini kwa njia hii: walimu waliwapanga wanafunzi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Matokeo ya mtihani yakirudi, aliyepangwa wa kwanza alipewa alama ya juu kuliko zote zilizopatikana darasani, hata kama si yeye aliyeipata. Wa pili alipewa inayofuata, na kuendelea hivyo mpaka chini. Kwa hiyo mwalimu hakuweza kumwongezea mtoto alama. Aliweza tu kumpa nafasi, na huwezi kumpandisha mmoja bila kumshusha mwingine.

Mwaka 2019 Shallon alikuwa mwaka wa sita katika shule hiyo, akitaka kuwa daktari. Muhula wa kwanza na wa pili alishika nafasi ya pili. Nyuma yake alikuwa Nasiri, kijana wa Rwezamenyo aliyekuwa akipanda mabasi mawili kila asubuhi. Mwezi Septemba Shallon aliugua malaria katika wiki ya majaribio makubwa. Dada alinunua dawa kwenye duka la dawa la jirani, akamlaza mtoto, akaenda shuleni kusimamia majaribio, maana yeye ndiye aliyeyapanga. Shallon alikaa kitandani akitapika mpaka baba yake aliporudi kutoka kazini Rwamagana. Homa ilishuka. Hospitali hawakwenda.

Kanuni ya shule ilisema kwamba anayekosa jaribio kwa ugonjwa alete karatasi ya hospitali, ndipo akadiriwe alama kutokana na kazi zake nyingine. Asiyekuwa nayo anapata sifuri. Kanuni hiyo aliiandika dada mwenyewe. Shallon alipata sifuri katika masomo mawili, na kutoka nafasi ya pili akaanguka mpaka ya tisa.

Mkuu wa shule, Bwana Mugenzi, alimwita ofisini. Dada alinisimulia mazungumzo hayo mwenyewe.

"Madamu, huyu iko mtoto wako. Nenda kituo cha afya, waeleze. Watakuandikia."

"Waandike kwamba walimwona? Hawakumwona."

"Lakini aliumwa. Wewe unajua aliumwa."

"Najua. Na akirudi wa pili, Nasiri anakuwa wa tatu. Nasiri nitamwambia nini?"

"Nasiri hatajua kitu."

"Ndivyo hivyo hivyo walivyosema kule Karagwe," dada alijibu, akatoka.

Mtihani wa mwisho ulifanyika Novemba. Shallon aliuandika kama mtu anayekimbizwa, na matokeo yaliporudi, alama yake ilikuwa ya pili kwa ukubwa darasani. Nusu ya kwanza hiyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Kwa nusu nyingine alipewa alama ya tisa, na jumla ikapungua kidogo kuliko iliyohitajika kwa ufadhili wa udaktari. Nasiri, aliyekuwa sasa nafasi ya pili, alipewa kwa nusu yake ya shule ile alama ya pili kwa ukubwa, yaani ile ile aliyoipata Shallon.

Nilikuwepo sebuleni kwao Kinyinya siku Shallon alipoielewa hesabu hiyo. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, kunishusha sawa. Hata alama yangu umempa mtu mwingine?"

Dada akasema, "Ndivyo utaratibu ulivyo."

"Sikuulizi utaratibu. Nakuuliza wewe."

Shemeji Rwema alisema, "Mama Shallon, mjibu mtoto." Dada hakumjibu. Wiki hiyo Shallon alihamia kwa bibi yake Kabeza, na baadaye akapata kazi katika duka la simu barabara ya uwanja wa ndege. Alikaa huko miaka mitano. Kila Jumapili dada alikwenda kumsalimia mama yetu, akaketi sebuleni, Shallon akiwa jikoni. Chai iliandaliwa na Shallon, ikaletwa na mama. Mwalimu Lillian aliinywa yote, akasema asante kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, akarudi Kinyinya. Nasiri alikwenda chuo kikuu. Alikuja kumshukuru marehemu mara moja, naye akamwambia asimshukuru, na asirudi tena kwa jambo hilo.

Katikati ya mwaka 2023 dada alianza kutokwa damu. Alimwambia mumewe ataangalia baada ya mitihani. Mitihani ilipoisha kulikuwa na kusahihisha, kisha kupanga nafasi, kisha mwaka mpya wa shule. Alipokwenda hospitali, Januari 2024, saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshavuka mahali pa kuzuiwa. Alipata mionzi na dawa. Alirudi kazini mara mbili, na mara zote mbili aliletwa nyumbani na wenzake. Maumivu yake yalikuwa makubwa, na sitayapamba. Mwezi Machi mwaka huu hakuweza tena kusimama.

Shallon aliacha kazi dukani akaja. Hakuna aliyemwita. Aliingia, akaweka mfuko wake chini, akauliza dawa ya saa ngapi imebaki. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyemwogesha, aliyembadilishia shuka na aliyempimia dawa ya maumivu.

Alasiri moja mwezi Mei nilikuwa nimeketi dirishani, Shallon akimwosha mama yake miguu. Akamuuliza bila kuinua uso, "Mama, ungerudishwa pale, ungefanya vile vile?"

Dada alikuwa na sauti kidogo sana. Alisema, "Nafasi nisingeibadilisha."

Shallon aliendelea kuosha. Nilitaka kutoka lakini sikuthubutu kusogea.

"Ningekupeleka hospitali," dada akasema. "Siku ile ile. Ningeacha majaribio yao yakae."

Shallon alisimama, akatoka na beseni. Nilimsikia uani akimwaga maji. Akarudi na maji mapya ya moto, akauosha mguu uliobaki.

Mwalimu Lillian Kaliza alifariki nyumbani kwake Kinyinya, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Walikuwepo mumewe na watoto wake wote wawili. Siku za mwisho hakuwa akisema.

Jana nilimsomea Shallon wasifu huu. Nilikuwa nimeandika kwamba mama na binti walipatana. Akanizuia. "Mjomba, hilo litoe. Hatukupatana. Sema nilimuuguza." Basi nasema mbele yenu nyote: alimuuguza.

Marehemu ameacha mume, Bwana Rwema. Ameacha mama mzazi, Mama Nyiramana, aliyeketi pale mbele, ambaye tangu Alhamisi hajala kitu cha maana. Ameacha mdogo wake mmoja, mimi. Ameacha binti, Shallon, na kijana, Régis, ambaye anafanya mtihani wa mwisho mwezi ujao. Nafasi yake shuleni, waliyompangia walimu, imeshapelekwa. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeuliza ni ya ngapi.

Mungu ampe Lillian pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujipa.