Bi Kufuli Anaiacha Swichi Kuu

Kwa bahati hakuna anayenizidi hapa chuoni, na wenye kijicho wajikaze: kuanzia Jumatatu funguo za Bi Kufuli nitazishika mimi. Mimi mtunza stoo, niliyeachana na shule kwa amani kabla hatujachokana, nitakaa kwenye swichi kuu ya karakana ya roboti. Hongera zenu nitazipokea baadaye. Leo ni siku yake.

Bi Kufuli anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Alianza kwa kufundisha umeme kwenye chumba chenye meza nne na feni mbovu. Chuo kilipoanzisha shahada ya roboti na akili mnemba, ni yeye aliyeupokea ule mkono wa chuma ambao wanafunzi wanauita Mjomba, kwa sababu ni mkubwa, una nguvu, na hukunyanyua bila kukuuliza. Akauzungushia uzio wa wavu, akaweka sheria moja: kila anayeingia kwa Mjomba atundike kwanza kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, ufunguo autie mfukoni. Wakiingia watano, makufuli matano. Umeme hauwaki mpaka wa mwisho atoke aondoe lake. Hata mkuu wa idara aliwahi kurudishwa mlangoni, na suti yake, kwa kukosa kufuli. Kesho yake akaja nalo jipya, bado lina kibandiko cha bei.

Vijana walisema mama huyu anaogopa hadi kivuli chake. Hakubisha. Kila akitaka kuiwasha ile swichi mikono ilimtetemeka, miaka nenda rudi. Nilimtania kwamba mwalimu mzima anatetemekea chuma anachokifundisha mwenyewe. Akanijibu kwamba siku mikono yake itakapotulia ndiyo siku ya kumwondoa pale.

Mwaka jana kundi la mwaka wa nne lilitengeneza kamera yenye akili mnemba. Ikimwona mtu ndani ya uzio, inamsimamisha Mjomba; ikiona kifurushi, Mjomba anakibeba. Makufuli yakaonekana mambo ya kizamani. Siku ya maonyesho tulijaa hadi viti vikatuishia. Bi Kufuli alikataa mtu kuingia umeme ukiwaka, akazidiwa kauli, akaomba angalau abaki na mkono wake kwenye swichi.

Kiongozi wa kundi, kijana tunayemwita Profesa Mtarajiwa, aliingia akitembea kama bwana harusi. Mjomba akasimama. Makofi. Akatoka, akaingia tena, Mjomba akasimama tena. Mkuu wa idara alikuwa ameshaanza kuwaeleza wageni makufuli yatatolewa lini.

Kisha kalamu ikamponyoka kijana. Akachuchumaa kuiokota, mgongo juu. Kwenye skrini ya ukutani neno MTU likabadilika huku tukiangalia, likawa KIFURUSHI, na pembeni kompyuta ikaandika kwamba ina uhakika asilimia tisini na nane. Mjomba akageuka. Polepole, kwa adabu zake zote, akashusha vidole vya chuma ili ambebe. Mimi, mwenye maneno ya kugawa bure, nilikuwa nimeng'ang'ania kiti cha mbele yangu.

Umeme ukakatika. Vidole vilikuwa vimeshagusa kola ya shati.

Bi Kufuli hakuutoa mkono kwenye swichi. "Toka hivyo hivyo ulivyoinama, mwanangu," alimwambia. "Hilo dude limekuona mzigo."

Kumbe picha walizoifundishia kamera zilikuwa zao wenyewe, wote wamesimama, vifua mbele, wanatabasamu. Hakuna aliyeinama hata mmoja. Bi Kufuli hakumfelisha mtu. Aliwarudisha wakapige upya, na mwanamitindo wao nikawa mimi: nimechuchumaa, nimelala chini ya meza, nimebeba ndoo, nimejifunika turubai. Sura hii sasa imeingia kwenye sayansi. Kamera inanitambua hata nikijikunyata. Karibu kila mara. Hilo "karibu" ndilo linaloninyima raha, maana anayefagia chini ya Mjomba ni mimi.

Yule kijana sasa anasoma shahada ya uzamili. Kufuli lake halimtoki mkobani, na wenzake wanamtania kwamba siku ya ndoa atalivaa badala ya pete.

Bi Kufuli, kwa watoto wa watu wote walioondoka humu na vidole vyao kumi, ahsante. Kapumzike, dada yetu. Walee wajukuu, wakusumbue mpaka uchoke kwa furaha. Tunakuombea siku nyepesi na afya isiyokusaliti.

Na lile la funguo kupewa mimi, nimewadanganya. Hakuna aliyepewa. Kikao cha idara kimeona kamera inatosha, na Jumatatu asubuhi mwaka wa kwanza wanaingia kwa Mjomba.