Iambie Mashine Ikuzalie Nazi

Ndugu zangu wa chama, nazi niliyoipasua kwenye kizingiti cha yule tajiri mwenye ghala la nazi ilikuwa imeoza, ikanuka mpaka kichochoro cha pili. Ilikuwa Ramadhani. Mtoto nimembeba mgongoni, namsihi aniuzie walau gunia moja la nazi nzima. Akacheka mbele ya wateja: "Binti, si una mashine wewe? Iambie ikuzalie nazi!"

Hapo subira ikanitoka, nikaokota nazi mbovu kwenye rundo lake nikaipasua.

Mashine yenyewe, ya kukuna nazi, aliiunda mume wangu kwa kanyagio la cherehani kuukuu. Akina mama wa Kibokoni wakaacha kukalia mbuzi na kujikata vidole. Wakanunua kwetu nazi iliyokwisha kunwa. Mume wangu akaanza kuchora nyingine kwa chaki, pale sakafuni. "Hii itakamua na tui," akaniambia.

Tajiri hakuunda kitu. Aunde kwani ana haja gani? Kila mzigo wa nazi uliovuka feri aliununua yeye, akachanganya mbovu na nzima, nasi tukachukua tu. Akiugua, ghala linafungwa, na wapishi wote wanafunga nalo. Alipoona watu wanamiminika kwetu, akawaamuru vijana wake: "Wale wa mashine wasiuziwe."

Mashine ikashika kutu. Mume wangu akaenda Uarabuni kutafuta kazi. Mpaka leo sijasikia sauti yake. Ule mchoro wa chaki nilikataa kuupigia deki. Mtoto ameufuta kwa kutambaa.

Siku ile ya nazi nililia barabarani bila haya. Ni nyinyi wa chama hiki mlionikalisha. Mmoja wenu akasema, "Shoga, lia umalize. Kwani Kilifi hakuna minazi?" Peke yangu nisingeweza kukodi lori la kuleta nazi kutoka huko, pamoja tulilikodi. Mashine inazunguka tena, na aliyeiunda hayupo kuisikia. Ahsanteni, mama zangu. Nawaambia: mkimwachia mtu mmoja mlango wa soko, siku atakayoufunga msiulize kwa nini.

Jana nimepeleka malalamiko ofisi ya biashara ya serikali. Nimeandika kwamba mtu mmoja amewazuia wengine kuuza na kununua, na kwa hilo nimempoteza mume.

Karani akasoma, akainua kalamu. "Dada, hili la mume tulifute? Hapa ni mambo ya biashara."

"Usilifute. Gonga muhuri."

Akagonga.