Ndinda wa Muthoka na Mpaka wa Nyasi Zilizofyekwa

Maneno haya yameandikwa na familia, na yanasomwa kaburini leo Jumamosi, tarehe 14 Februari 1959, na Urbanus Kaleli, mdogo wa marehemu. Sehemu kubwa marehemu aliisikia mwenyewe akiwa kitandani, na palipokuwa na kosa alisahihisha. Aliagiza jambo moja lisiachwe hata kama litawaumiza watu. Halikuachwa.

Ndinda alizaliwa mwaka wa 1916 huko Matungulu, wilaya ya Machakos, mtoto wa pili wa mzee Kaleli na mama Kalondu, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Baba alikuwa mrina asali na mara nyingi hakuwa nyumbani. Kwa hiyo Ndinda ndiye aliyemsaidia mama kulea wadogo zake, na wadogo zake walimwogopa kuliko walivyomwogopa mama.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1926 hadi 1929, akajua kusoma na kuandika Kikamba na Kiswahili kidogo. Mama alipougua, Ndinda alitolewa shuleni. Hakulalamika, ila alikataa elimu ile iishie kwake. Kila jioni alimketisha mdogo wake, ndiye huyu anayesoma mbele yenu, akamfundisha herufi kwa kuziandika kwa kijiti juu ya miguu yake iliyopauka kwa vumbi. Aliyekosea herufi aliambiwa akanawe miguu, waanze upya. Mdogo wake alijua kusoma kabla ya kuingia darasa lolote, na miguu yake ilikuwa safi kuliko ya watoto wote wa Matungulu.

Alibatizwa mwaka wa 1931. Mwaka wa 1935 aliolewa na Muthoka, kijana wa kwao ambaye tayari alikuwa akikata mkonge katika shamba moja mashariki ya Thika. Mwaka wa 1937 Ndinda alimfuata huko, akiwa na mtoto mgongoni. Mungu aliwajalia watoto wanne: Syokau, Kaleli, Kalondu, na mmoja aliyezikwa kabla ya kupewa jina. Walikaa katika laini za wafanyakazi, nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi, zimekaribiana mno. Upande mmoja ulikuwa mkonge. Upande wa pili ilikuwa mbuga, nyasi tupu mpaka mtoni. Nyuma ya laini kila familia ilipewa kipande cha kulima mahindi na mbaazi. Mwisho wa laini, karibu kabisa na mbuga, walikaa Wakikuyu, na miongoni mwao Zacharia Ndung'u, mke wake Wangeci, watoto wao, na mama yake Zacharia, Ngendo, ambaye miguu yake ilikuwa haiwezi tena kumbeba.

Sasa tunafika kwenye jambo aliloagiza.

Mwezi wa Septemba 1950, mvua za vuli zikikaribia, Ndinda alitayarisha shamba lake kama kila mtu alivyofanya. Alikusanya mabua na nyasi kavu akazitia moto. Asubuhi ile hapakuwa na upepo, na alisimama karibu akiwa na tawi bichi mkononi. Upepo ulikuja ghafla, moto ukaruka shamba ukaingia mbugani, na kutoka mbugani ukarudi kwenye laini kwa upande wa mwisho. Watu wazima wengi walikuwa kazini. Wangeci alikuwa ameenda kuteka maji. Ndinda alikimbia na kufika kwa Zacharia wa kwanza, paa likiwa limeshashika moto, akaingia, akamshika Ngendo chini ya mabega akaanza kumvuta. Paa likawaangukia. Mnyapara na watu wawili walifanikiwa kumtoa Ndinda. Ngendo hakutoka.

Moto ule aliuwasha Ndinda. Ndivyo alivyotaka isemwe, bila kusingizia upepo.

Wazee wa pande zote mbili waliketi. Muthoka alipeleka mbuzi, na Zacharia akasema hana neno na mbuzi, wafungwe popote. Ndinda mwenyewe hakuweza kusimama mbele ya wazee, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeungua hadi kwenye viwiko. Ilipopona, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja na havikunyooka tena. Kwa miezi mingi alikaa ndani. Alipika, akalisha watoto, akarudi kukaa. Muthoka aliogopa kwamba atampoteza.

Aliyemtoa ndani si mume wake wala padri. Mwezi wa Januari 1951 Wangeci alikuja mlangoni kwake akiwa na mapanga mawili. Syokau, aliyekuwapo, anakumbuka kwamba hakusalimu.

"Mama Syokau, nyasi zimekauka tena," Wangeci alisema.

Alimnyooshea Ndinda panga moja.

"Mimi bado ninalala pale pale na watoto wangu. Chukua panga utoke."

Ndinda alimwonyesha mikono yake. Wangeci aliitazama, akasema, "Basi nitafyeka mimi, wewe utakusanya."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, wanawake wawili ambao hawakuwa wakizungumza, mmoja akifyeka na mwingine akibeba nyasi kwa kuzikumbatia. Walifuata ukingo wa laini, wakaacha ardhi tupu ambayo malori mawili yangeweza kupishana juu yake. Waliuita mpaka. Baada ya wiki kadhaa Ndinda alikuwa ameshajifunza kushika panga kwa mkono wa kushoto. Watu walipita wakatazama. Wengine walisema ni wazimu wa majonzi. Wenye ng'ombe upande wa Murera walinung'unika, kwani walizoea kuchoma mbuga ili nyasi changa ziote. Ndinda aliwaendea mmoja mmoja, akawaomba wachome mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, watu wakiwapo wa kuangalia. Wapo waliomfukuza. Alirudi kwao mwaka uliofuata.

Kufikia kiangazi cha 1952 karibu kila nyumba ilitoa mtu wa kufyeka. Majivu ya jikoni yalimwagwa katika shimo moja na kutiwa maji. Nyasi zilizokatwa hazikuachwa zirundikane, zilipelekwa kwa ng'ombe au zikatumika kuezekea nyumba. Mwaka ule wanawake wa kanisa huko Ruiru, wanaokaa katika mashamba ya kahawa kando ya reli, walisikia habari hizo wakawaita Ndinda na Wangeci. Huko cheche za garimoshi zilikuwa zikichoma nyasi kila kiangazi. Ndinda alieleza kwa Kiswahili, Wangeci akafafanua kwa Kikuyu. Kisha Wangeci aliwasha nyasi kidogo mahali palipozungukwa na ardhi tupu, ili watu wauone moto ukifika ukingoni na kufa. Ndinda alisimama mbali na kuwapa mgongo. Tangu mwaka wa 1950 hakuwasha tena moto wa nje kwa mkono wake, hata wa kuchoma mahindi.

Hata hivyo alijua kucheka, na watu wa Ruiru watakumbuka harusi moja ya mwaka ule. Mzee Muigai, mvuta kiko mashuhuri, alikuwa akitembea kwenye njia yenye nyasi kavu, akitema na kugongagonga kiko chake popote. Ndinda alichukua kibuyu cha maji akamfuata nyuma kwa adabu, kila alipogonga naye akamwaga maji hapo. Mzee alisimama akamwuliza anamtakia nini. Alimjibu, "Endelea tu, baba. Mimi ninakusindikiza." Mzee Muigai alicheka hadi kiko kikamwanguka, na hicho nacho kikamwagiwa maji.

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Emajensi, yaani hali ya hatari, ilitangazwa. Watu kukusanyika ikawa kosa, na mwanamke mwenye panga mbugani ikawa jambo la kuulizwa maswali. Mwaka wa 1954 Zacharia alichukuliwa akapelekwa kizuizini. Wangeci na familia zote za Kikuyu za laini ile walipakiwa kwenye malori wakapelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, katika vijiji vipya. Hawakupewa muda wa kuagana. Ndinda alimwona Wangeci juu ya lori, naye Wangeci alimwonyesha kwa kidole upande wa nyumba za mwisho. Ndinda alielewa. Sehemu ile ya mpaka ilikuwa sasa haina mwenyewe.

Alienda ofisi ya shamba la mkonge kuomba ruhusa wanawake wafyeke pamoja. Karani alimwambia wakati si mzuri. Alirudi tena akajibiwa hivyo hivyo. Alianza kufyeka peke yake, Muthoka akimsaidia akitoka kazini kabla ya saa za kafyu, lakini mpaka ni mrefu na mikono ilikuwa michache. Walianza na zile nyumba zenye watu, kwa sababu huko ndiko watoto walikolala. Upande wa nyumba tupu nyasi zilirefuka hadi madirishani.

Moto ulikuja mwezi wa Septemba 1955. Hakuna anayejua nani aliuwasha, na Ndinda alikataza watu wasitafutane. Ulikuja na upepo kutoka mtoni. Palipokuwa pamefyekwa, ulifika, ukapungua, ukafa, watu wakisimama na matawi mbele ya milango yao. Upande wa mwisho haukukuta kitu cha kuuzuia. Uliingia kwenye nyumba tupu, ukazila, ukawa unakuja kwenye laini kwa nyuma. Muthoka na wanaume wengine waliingia katikati wakafyeka nyasi mbele yake. Walifaulu. Laini ilibaki, na hakuna mtoto aliyeumia. Lakini moshi uligeuka, na Muthoka, aliyekuwa mbele ya wote, hakuonekana tena. Walimpata moto ulipopoa. Amezikwa hapo kulia, mahali mnapopaona.

Ndinda hakulia mbele ya watu. Baada ya matanga alikwenda tena ofisini, na safari hii hakuomba. Alimwambia karani, "Mume wangu amekufa mahali uliponikataza kufyeka." Wiki iliyofuata wanawake waliruhusiwa kufyeka pamoja, askari mmoja akiwaangalia, na baadaye hata askari akaacha kuja. Tangu hapo laini haijaungua. Mashamba mengine matatu kati ya Thika na Ruiru yameiga kazi hiyo, na wanaofundisha huko ni wanawake waliofundishwa na yeye.

Watu walimsifu, naye sifa zilimchosha. Alipoambiwa ameokoa wengi, aliondoka zake. Wanawe wanajua kwamba usingizi wake ulikuwa mfupi, na kwamba kila upepo ulipovuma alitoka nje kunusa hewa, hata msimu wa mvua.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka wa 1957. Kwanza kilikuwa kikohozi cha kiangazi, kisha hakikuondoka. Mwezi wa Agosti 1958 alilazwa hospitalini Thika, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Wauguzi walimhudumia vizuri na familia inawashukuru. Mwezi wa Novemba Wangeci alipata pasi ya kurudi huku. Alikuja peke yake, amekonda, bila habari yoyote mpya ya Zacharia. Aliweka mzigo wake kwa Ndinda na hakutafuta nyumba nyingine. Yeye na Kalondu ndio waliomwosha, wakamlisha na kumgeuza kitandani hadi mwisho.

Siku chache kabla ya kufa Ndinda alimwuliza Wangeci neno ambalo Kalondu alilisikia, na ambalo wote wawili waliruhusu lisomwe.

"Mama yenu Ngendo atanipokeaje?"

Wangeci alikuwa akimkanda miguu.

"Hilo sijui, Mama Syokau. Mimi ninajua ya hapa tu. Lala."

Ndinda alilala. Alifariki nyumbani kwake Jumatano, tarehe 11 Februari 1959, asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu au karibu na hapo.

Ameacha watoto watatu: Syokau, aliyeolewa Kangundo; Kaleli, anayefanya kazi Thika mjini; na Kalondu, aliye bado nyumbani. Ameacha wajukuu wawili, na mdogo wake Urbanus. Ameacha pia Wangeci wa Zacharia. Jana wazee waliuliza Wangeci asimame wapi wakati wa kutia udongo, kwa kuwa si ukoo na kwa sababu ya yale mnayoyajua. Watoto wa marehemu walijibu kabla ya wakubwa kusema. Atasimama na ndugu za marehemu, na atatia udongo baada ya Kalondu.

Zacharia Ndung'u hayupo kusikia maneno haya. Popote alipo, tunaomba yamfikie.

Mungu amfute Ndinda machozi aliyoyaficha, na ampe usingizi mrefu usiokatizwa na upepo.