Bi Mwanawema na Hiliki Zisizozaa

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni na mlioko kondeni. Leo tunamkumbuka Bi Mwanawema Jecha wa Gando. Huyu ni mama aliyetaka hiliki. Basi, hiliki tu.

Miche aliing'oa kwenye shamba la marehemu mama yake, kabla halijafyekwa. Kwengine kokote hiliki ile haikubaki. Akaipanda nyuma ya nyumba, chini ya mfenesi, kwani hiliki haipendi jua. Alitaka anywe chai ya hiliki ya mamake kabla hajafa. Alilisema hilo waziwazi, tena kila siku.

Hiliki ikadumaa. Majani yakapiga manjano. Akazidisha maji, wapi! Akatia samadi, wapi! Akakata tawi la mfenesi, akidhani kivuli kimezidi, jua likayababua majani. Akalia kama aliyefiwa.

Sasa, wasikilizaji, ufagio wa mama huyu ulikuwa haulali. Jani la mfenesi likianguka, anakutana nalo njiani. Uwanjani kwake ungemwaga wali ukala.

Siku moja bwana shamba, Hafiz, akapita akapapasa udongo. Mgumu kama sakafu.

"Bi Mwanawema, hiliki yataka majani yaoze hapa chini. Na maua yake hutambaa chini, shinani. Weye wayafagia."

Bi Mwanawema akaona katukanwa. "Mie niache taka uwanjani? Watu waseme nyumba hino haina mwanamke?"

Akafagia. Tucheke, lakini nani kati yetu angeacha?

Kisha maradhi yakamlaza miezi mingi katika chumba cha nyuma. Bintiye, Rahila, akawa hatoki chumbani, akimgeuza, akimnywesha uji. Uwanja haukufagiwa tena. Majani yakarundikana chini ya mfenesi. Mgonjwa akawa anaulizia, "Rahila, hiliki yangu vipi?"

"Haijambo, mama," Rahila akajibu, wala hakuwa ameitazama.

Bi Mwanawema alifariki Ijumaa. Majirani wakaja na fagio zao, kwa mapenzi na heshima, wakausafisha uwanja wa marehemu. Mashina ya hiliki wakayang'oa, ili majamvi yaenee.

Baada ya khitima, Rahila alikwenda kumwaga taka jaani. Humo akaviona vikonyo vya hiliki, vimebeba punje changa, zilizoanza kunyauka. Alituambia huku analia: "Zilikuwa zimezaa. Mama kalala palepale dirishani, zimezaa, na mie sikwenda kutazama."

Alijaribu kuyarudisha mashina ardhini. Yalikuwa yamekwishakauka.

Kwa Rahila na jamaa zake wote wa Gando, tunawapa mkono wa pole. Mola amrehemu mama yetu. Nasi tuliobaki, mwenye kuambiwa na asikie wakati bado upo, na mwenye mgonjwa anayeulizia kitu, ainuke akakitazame. Kwa Bi Mwanawema tumechelewa. Hiliki ya mama yake haipo tena, na Rahila anasema chai sasa haimpiti kooni.