Mwaka Ulioanza na Amina

Miaka thelathini na moja si mchezo. Ijumaa hii, tarehe kumi na sita, siku ya ibada ya kufungua mwaka wa shule, mwalimu wetu wa Muziki na Dini anastaafu rasmi. Jina lake kamili analo mhasibu. Sisi wengine, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi wa getini, tunamwita kwa neno alilolitumia kuliko yote maishani mwake: Mwalimu Tena.

Anayeandika haya ni jirani yake. Darasa langu la Jiografia na chumba chake cha muziki vimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na baada yake yeye, kama kuna mtu anayestahili zawadi siku hiyo, basi ni mimi. Nimefundisha mito, milima na mmomonyoko wa udongo huku kwaya ikipanda na kushuka upande wa pili. Siku moja nilikwenda kulalamika. Alinisikiliza kwa upole, akaniuliza naimba sauti gani. Nikasema besi. Akanikaribisha kwenye kwaya ya walimu, na baada ya mazoezi mawili akaniomba, kwa upole uleule, niwe nawabebea viti.

Alifika hapa akiwa binti mbichi kutoka chuoni, akakabidhiwa kinanda chenye vibonye viwili vilivyogoma. Hakusubiri fundi. Alichagua nyimbo zisizovihitaji. Tangu hapo kwaya yake imeleta kombe la kanda mara tatu, na mara moja ikashika mkia kabisa. Cheti cha kushika mkia ndicho alichokitundika juu ya mlango. Amekuwa mlezi wa bweni la wasichana na mkuu wa idara, na kasisi wetu wa sasa ni mwanafunzi wake, ingawa kwa kuimba, jamani, hamfikii hata nusu.

Wageni hushangaa jinsi anavyofundisha wimbo. Anaanza mwisho. Kwanza Amina, kisha mstari wa mwisho, kisha ule unaoutangulia, anarudi hivyo hivyo nyuma mpaka mwanzo. Anasema kwaya nyingi huanza kwa mbwembwe na kumaliza kwa kunong'ona, ilhali ya kwake kadiri inavyosonga ndivyo inavyoingia mahali inapopajua. Hata kwenye Dini ni yuleyule. Wiki ya kwanza wanafunzi wakija na ahadi zao za kusali kila alfajiri na kutosengenya mtu, huwaambia kwamba wiki ya kwanza kila mtu ni mtakatifu, tukutane wiki ya tisa.

Na ni yeye aliyeweka desturi kwamba ibada ya kufungua mwaka waimbe wanafunzi wapya, si kwaya kubwa. Wanaimba vibaya, bila shaka. Anataka tuwasikie hivyo, ili mwisho wa mwaka tujue tumetoka wapi.

Miaka sita iliyopita desturi hiyo nusura ife. Likizo ile mumewe aliaga dunia. Wengi mnamkumbuka, dereva wa basi la shule, ndiye aliyekuwa nguzo ya besi kanisani. Shule ilipofunguliwa Mwalimu Tena alikuja, akawafundisha wapya Amina siku ya kwanza, kisha akafunga mlango wa chumba cha muziki na hakurudi tena kuufungua. Wiki nzima ukuta wangu ukawa kimya. Nilikuwa nimeuombea ukimya huo kwa miaka, na ulipokuja sikuweza kufundisha hata kwa dakika kumi mfululizo.

Asubuhi ya ibada alikuja na funguo za chumba amezifunga kwenye leso. Alimwambia mkuu wa shule kwamba ibada ikiisha angemkabidhi funguo hizo, aache kazi. Alisema wazi, bila kupindisha, kwamba tangu mazishi akifungua kinywa kusali hakitoki kitu, na hawezi kuwafundisha watoto wa watu imani ambayo kwake imekauka. Kasisi hakubishana naye. Alimwomba tu akae benchi la mbele.

Basi wapya wakaitwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba walikuwa wamefundishwa Amina peke yake. Wakasimama, wakaimba walichokijua, Amina ya sauti nne, safi, yenye nguvu. Mchungaji mgeni aliyekuja kuhubiri, kusikia Amina, akadhani hapa mambo yameisha. Akainua mkono akatubariki. Wakubwa wa darasa la mwisho, njaa imewashika, wakaelekea mlangoni, na mlinzi akawafungulia milango yote miwili. Watoto kuona watu wanaondoka, wakajua wamekosea. Na kwa mwalimu wao ukikosea unafanya nini? Tena! Wakaimba Amina. Mchungaji akatubariki upya. Wakaimba Amina. Nusu ya shule ipo nje, nusu ndani, mkuu wa shule anapunga mikono kama anayefukuza kuku.

Ndipo tukasikia mtu anacheka benchi la mbele. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka, machozi yanamtiririka, na haki ya Mungu sijui hadi leo yapi yalikuwa ya kicheko na yapi ya msiba. Akainuka, akasimama mbele ya watoto, akawafundisha mstari wa mwisho palepale, mbele yetu sote. Kisha ule unaoutangulia. Waliotoka wakarudi. Mchungaji akajikalia zake. Chai ilipoa kabisa siku hiyo, lakini wimbo ulikamilika.

Baadaye kwenye chai hiyo baridi alituambia kwamba alikuwa anangoja imani irudi kwanza ndipo aseme Amina, kumbe unaweza kuanza na Amina, imani ikakukuta njiani. Hakusema kwamba uchungu umeisha. Alisema kesho yake kuna mazoezi. Leso yenye funguo ikarudi mkobani, nasi tukapata miaka sita ambayo hatukuistahili.

Sasa anahamia kwa binti yake, na tunawaonea huruma wajukuu. Mwalimu, asante kwa kila mwaka uliotuanzisha upya tulipokuwa tumeshachoka. Tunakuombea afya, usingizi mtamu, na majirani wenye kuta nene.

Jambo moja la mwisho. Kwaya ya walimu imekuwa ikifanya mazoezi kwa siri darasani kwangu, yaani siri inayopenya mbao, na tunajua umesikia kila kitu ukajifanya huna habari. Besi naimba mimi, maana hakuna mwingine. Tumejifunza kwa njia yako, kutoka mwisho, na kwa vikao vyetu hivi visivyoisha hatukufika mwanzo. Kwa hiyo Ijumaa ukisikia Amina usiinuke kuondoka. Njoo mbele, uinue mkono, utufundishe mstari unaoutangulia.